Mwaka Mtani Wangu Aliponyamaza

Bi Mwantumu alizikwa kwao Kisarawe, alikorudi uzeeni, siku ya Jumanne baada ya sala ya alasiri, na mimi nilipata habari Jumatano asubuhi nikiwa kazini, kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono mwingine. Aliyenipa habari ni mwanawe mkubwa, kwa ujumbe wa sauti, na alimalizia kwa kuniomba radhi: "Kaka Maganga, tulitamani kukungoja, lakini unajua tena mambo ya maiti." Najua. Maiti wa Kiislamu hangoji ndege kutoka London. Hata hivyo nilikasirika, nikamkasirikia hata marehemu mwenyewe, kwa sababu mimi ni Mnyamwezi na yeye alikuwa Mzaramo, na Mzaramo hazikwi kimyakimya bila mtani wake kuwapo kufanya fujo. Ningekuwapo ningejilaza mbele ya jeneza nikagoma lisipite. Ningewaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mvivu na mpenda ngoma, na kwamba kisamvu chake kilikuwa na mchanga. Wangecheka huku wanalia, na hakuna ambaye angethubutu kunikasirikia, maana utani wa makabila yetu mawili ni wa tangu babu zetu walipobeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, na mtani hashtakiwi kwa maneno yake. Badala yake nilimaliza chai, nikarudi mezani kupanga magari ya kuwachukua wagonjwa, ambayo ndiyo kazi yangu siku hizi.

Tangu siku hiyo nauwaza mwaka mmoja kati ya ile niliyokaa nyumbani kwake Walthamstow, hapa London, nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Ya Tabora na ya safari yangu ya kuja Uingereza nayaacha, hayana kazi hapa. Ilikuwa nyumba moja katika safu ya nyumba zilizoshikana kuta, dakika tano kutoka mtaa wa soko. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyovikwa nailoni, ukikaa wakati wa joto unanata. Jiko lilikuwa nyuma, jembamba, lenye meza ya watu wanne ambayo wageni wakija tuliikalia sita. Bi Mwantumu, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyefanya kazi ya udobi hospitalini, alilala chini. Juu tulikuwa wapangaji wawili: mimi, na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyesafisha maofisi na kuimba nyimbo za kanisa akiwa bafuni. Siku ya kwanza nilipotaja kabila langu Bi Mwantumu alipiga makofi. "Karibu mpagazi! Mizigo umeiacha wapi?" Nikamjibu kwamba niliitua pwani nikapumzika kidogo, Wazaramo wakaiiba wakaenda kuichezea ngoma yao ya mdundiko. Akacheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo nilikuwa mtu wa nyumba ile.

Alinitania asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi. Mara nyingi utani wenyewe ulikuwa wa kike. Binti gani huyu asiyejua kukuna nazi. Binti gani anatembea kama anakwenda kulima. Mahari yako, Mnyamwezi, itabidi baba yako ailipe yeye. Nilicheka kwa mdomo, na moyoni pakawa panachoma. Maana nililelewa kama msichana, na karatasi zangu zote zilisema hivyo, na mimi nilikuwa mwanamume. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa daktari wa mtaa, ambaye aliandika barua ya kunipeleka kliniki, kisha nikakaa miezi mingi nikiingoja zamu yangu. Mwaka ninaousimulia ulianza Januari, barua ya kliniki ilipodondoka mlangoni. Niliifurahia na papo hapo nikaiogopa. Sikuogopa dawa wala kisu. Nilimwogopa Bi Mwantumu. Katika mji mzima huu yeye ndiye peke yake aliyenipigia kelele nikichelewa kurudi, na sikujua kama kelele hizo zingebaki siku atakapojua.

Kliniki niliifanyia mazoezi kama mtihani. Nilikuwa nimesoma huku na huku nikaamini kwamba kuna hadithi moja tu wanayoikubali, ya mtoto wa miaka mitatu anayevua gauni na kulia apewe kaptula. Basi nikamhadithia daktari wa kwanza hadithi hiyo, na kaptula nikaipa na rangi. Ukweli ni kwamba sijui nilijua lini. Nilijua polepole, kama mtu anavyojua kuwa kiatu kinambana baada ya kutembea mwendo mrefu. Daktari aliandika bila kuinua macho. Ziara ya pili, mwezi Machi, nilikutana na muuguzi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifanyia mazoezi: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nikamwambia nataka vyote. Akauliza vyote ni vipi. Nikakwama, na nikaona haya, kwa sababu nilidhani jambo hili ni ngazi, ukikanyaga kidato cha kwanza sharti ufike cha mwisho, na asiyefika hakuwa mkweli.

Nilipomwambia hivyo akavuta kiti karibu. Akaniambia si ngazi. Kuna watu, alisema, wanaobadili jina na mavazi na namna wanavyoitwa, wakapata amani yao, hawaendi zaidi. Kuna wanaotumia homoni, za kupaka au za sindano, na hao hupimwa damu mara kwa mara. Kuna wanaofanyiwa upasuaji wa kifua, wengine wakaishia hapo, wengine wakaendelea na upasuaji mwingine. Kuna wanaokwenda kwa mtaalamu wa sauti tu. Na kuna wanaoanza, wakasimama, wakafikiri tena, hao nao hakuna anayewafukuza. Akanieleza yale yanayoweza kurudi nyuma na yale yasiyorudi: sauti ikishashuka haipandi tena, na kama nilitaka kuzaa siku moja basi tuzungumze kabla ya dawa. Mwisho akaniuliza kifua nakifunga na nini. Nikamwambia bandeji ya kukaza, ile ya watu waliotegua mguu. Akavua miwani. "Hiyo iache leo. Inakaza kila unapovuta pumzi, itakuvunja mbavu. Ziko fulana zilizoshonwa kwa kazi hiyo, nazo huzivai kutwa nzima wala hulali nazo." Vijana wa namna yangu wanaonipigia simu siku hizi kuomba ushauri, ambao foleni yao ni ndefu kuliko yangu ilivyokuwa, nawarudishia maneno ya muuguzi yule karibu kama yalivyo, na naongeza langu moja: msinunue dawa kwa watu msiowajua mitandaoni, damu yenu haina anayeipima. Wengine hunisikiliza, wengine wana haraka, na siwalaumu.

Lakini zile bandeji zilikuwa zimeshafanya kazi yake nyumbani. Nilikuwa nazifua mwenyewe na kuzianika juu ya hita chumbani kwangu. Siku moja hita za juu ziligoma kupata moto, Bi Mwantumu akaingia chumbani kuzitazama, akakuta bandeji nne ndefu zimening'inia, na juu ya meza barua mbili za hospitali. Alishaona pia kwamba navaa masweta makubwa, kwamba nimeacha kula nao mezani napeleka sahani juu, na kwamba akinikumbatia naruka. Kwa mama wa Kizaramo aliyefua shuka za wagonjwa miaka kumi na mbili, hesabu hiyo ilikuwa na jibu moja. Hakuniuliza. Kwetu mgonjwa hatajiwi ugonjwa wake usoni, hasa ule. Aliwaambia wengine.

Jumamosi moja ya Aprili nilirudi kutoka shifti ya asubuhi, saa sita na nusu mchana, nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Sebuleni watu kumi na mbili walinyanyuka kwa pamoja. Palikuwa na uji wa mchele kwenye chupa ya chai, pilau, machungwa, supu ya kuku, na tangawizi ya kutosha kufungulia duka. Mama Furaha alikuja na dada wawili wa kanisani kwake. Mzee Salehe wa Unguja, dereva wa basi mstaafu ambaye ndiye aliyetusomea dua kwenye shughuli zote, alikuwa na tasbihi mkononi. Wakanikalisha kiti kizuri. Mzee Salehe akasoma dua ndefu ya kumwombea mgonjwa, na mimi nikaitikia amini kwa sauti, tena kwa moyo, huku nikitafuta kwa macho ni nani kati yetu anayeumwa. Ilipokwisha nikamwinamia Mama Furaha nikamnong'oneza, "Mama, nani mgonjwa?" Akaangua kilio. "Ona! Mutoto iko nakataa ugonjwa! Miye niko naomba kila siku, Mungu atakuponyesha hiyo kansa ya ziwa, usiogope!"

Ndipo nilipoelewa. Na hapa niseme jambo ambalo bado linanitoa jasho. Kwa muda wa kama dakika moja nilifikiri nikubali. Ilikuwa zawadi imeletwa na sinia zake. Ningekuwa mgonjwa wa saratani, ningekwenda hospitali bila maswali, siku moja ningekatwa matiti na wote wangelia na kuniletea supu. Hata sauti ikibadilika ningeisingizia dawa. Nilikuwa nimeshamdanganya daktari kwa kaptula, sembuse hawa. Lakini nilimwona Bi Mwantumu amesimama kwenye mlango wa jiko, khanga ameiuma pembeni kwa meno, macho mekundu, na nikajua kwamba nikikubali atalilia kifo changu kila siku katika nyumba ile ile ninayokula. Na uongo wa ugonjwa, mama zetu walitufundisha, huuita ugonjwa wenyewe.

Nikasimama. Nikasema, "Asanteni sana, lakini siumwi. Bandeji ni za kukifunga kifua kisionekane. Naenda kliniki kwa sababu mimi ni mwanamume, na madaktari wananisaidia niishi hivyo. Mniwie radhi kwa usumbufu." Nakumbuka nilisema usumbufu, kama karani. Mama Furaha aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, kama anayeondoa sufuria jikoni. Mmoja wa dada wa kanisani akafunga Biblia. Mzee Salehe aliitazama tasbihi yake kwa muda, akahesabu punje tatu nne, kisha akasema, "Basi alhamdulillahi kwamba si saratani." Naamini alisema alilokuwa nalo, na mpaka leo nampenda kwa hilo. Bi Mwantumu akasema, "Chakula kisipoe jamani." Walikula upesi, wakaaga, na walipokwisha kuondoka akaja kukusanya sahani, akaniambia bila kunitazama, "Asante kwa kutueleza." Miaka miwili nilikuwa sijapata kusikia neno asante likitoka kwake kuja kwangu. Kwa kawaida nikimpa kitu alisema, umeiba wapi, mpagazi. Nilipanda juu nikakaa kitandani.

Mama Furaha alihamia kwa binamu yake kabla ya mwisho wa mwezi. Miaka mingi baadaye nilikutana naye sokoni, mimi na ndevu zangu, akaniomba nimpitishie toroli lake la manunuzi juu ya ukingo wa barabara. "Aksanti sana, papa," akasema, akaenda zake. Sikujitambulisha. Sikuwa na kinyongo naye, ila pia sikuwa na la kumwambia.

Bi Mwantumu hakunifukuza. Alikuwa na adabu. Mtu asiyejua utani hawezi kuelewa jinsi adabu inavyoumiza. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba, akaniuliza habari za kazi, akanijulisha kwamba chakula kipo. Aliacha kuniita Mnyamwezi. Aliacha kuniita kwa jina lolote. Nilimchokoza: nikamwambia wali umeungua, Mzaramo alikuwa anasikiliza ngoma. Akajibu, "Samahani, nitapika mwingine." Nilitamani anitukane. Kama angenipigia kelele ningejua niko wapi, lakini alinipisha kwenye ngazi kama mgeni wa hoteli. Mwezi Mei ukapita hivyo, na Juni nusu. Nikaanza kuangalia matangazo ya vyumba huko Southall, ambako sikumjua mtu hata mmoja.

Jumapili moja nilimkuta jikoni anakata bamia. Niliingia kuchukua maji, akasema, "Kaa." Nikakaa. Akaendelea kukata, macho kwenye kisu.

"Hiyo dawa wanayotaka kukupa. Ni ya kuchoma?"

"Ya kupaka, Bi Mwantumu. Mabegani, kila asubuhi. Baadaye naweza kuhamia sindano nikitaka."

"Mpaka lini?"

"Pengine maisha yote. Naweza pia kuacha. Lakini sauti ikishashuka haitarudi."

Akakata bamia tatu. "Na kukatwa. Lazima wakukate?"

"Si lazima. Kifua nataka, lakini si sasa, kuna kungoja. Mengine sitaki. Hakuna anayenilazimisha jambo."

"Kumbe unachagua." Alionekana ameshangaa kweli. "Mie nilidhani ukiingia kwao wanakuchukua mzima mzima, wanakurudisha mwingine. Nimekaa nangoja siku watakayomleta huyo mwingine mlangoni kwangu, na mie simjui."

"Ni mimi, Bi Mwantumu. Ni yule yule."

Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe unasema hivyo. Lakini mie nilikuwa natania binti. Miaka miwili namtania binti, kumbe hayupo. Kila nililosema lilikuwa linakuchoma, sivyo? Na ulikuwa unacheka." Akaweka kisu chini. "Mtani humtania mtu anayemjua," akasema. "Asiyemjua akimtania anakuwa amemtusi. Sasa nimtanie nani?"

Nilikuwa nimemdhania hasira, au dini, au aibu mbele ya watu. Sikuwahi kudhani kwamba alikuwa anajutia utani wake. Nilimwambia kwamba hakuna lililonichoma kuliko miezi hii miwili ya samahani na asante. Nikamwambia jina ninalolitaka ni Maganga. Akalirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, halafu akasema, "Nipe muda," akazitia bamia kwenye sufuria. Nilimpa, ingawa sikuwa na namna nyingine. Watu wa nyumbani nao wana foleni yao, na hakuna barua inayokuja kukwambia umefika namba ngapi. Hilo nalo huwaambia vijana, na hilo ndilo wasilopenda kulisikia.

Jina nililibadili Julai, kwa hati niliyoisaini mbele ya mfanyakazi mwenzangu. Dawa nilianza Agosti. Kwa wiki kadhaa hakuna kilichotokea zaidi ya chunusi, kisha Oktoba sauti ikaanza kunigeuka katikati ya sentensi, nikipiga simu benki wananiuliza kama nina mafua. Bi Mwantumu aliyaona yote hayo na hakusema neno. Aliniachia sahani mezani, nami nikaacha kuipeleka juu, nikaanza kula chini tena. Tulikula tukisikiliza redio. Chumba cha Southall sikukitafuta tena, lakini pia sikuweza kusema kwamba nimerudi nyumbani.

Mwishoni mwa Januari, baridi imekaza, alikuja kaka yake Bi Mwantumu wa Birmingham na mkewe, na Mzee Salehe akaalikwa chakula cha mchana. Wakakaa sebuleni. Mimi nililibeba sinia la wali wa nazi na samaki kutoka jikoni, na Bi Mwantumu akanifuata na mabakuli. Mzee Salehe, ambaye tangu ile dua hakujua tena aniite mwanangu wa namna gani, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta miwani. Yule ndugu wa Birmingham hakuwa na habari. Alinitazama, akamwuliza mwenye nyumba kwa sauti ya uchangamfu, "Na huyu kijana ni nani?"

Nilisimama pale na sinia. Nakumbuka mvuke wa wali ukinipiga usoni, na Mzee Salehe ameacha kutafuta miwani. Bi Mwantumu aliyaweka mabakuli chini. Alinitazama kuanzia miguuni, polepole, akapanda hadi usoni, akasogea karibu kabisa na kidevu changu, akakunja uso kama anayekagua mchele.

"Huyu? Huyu Maganga, Mnyamwezi wangu," akasema. "Ati anafuga ndevu. Hebu zitazameni. Ndevu za Kinyamwezi hizi zinakuja kwa miguu kutoka Tabora. Tatu ndio zimeshaingia mjini. Zilizobaki zimetua mizigo Dodoma huko, zinapika ugali!"

Mzee Salehe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kikohozi, akampiga mgeni pajani. Nikafungua kinywa kumjibu, sauti ikapasuka mahali pabaya, ikapanda, ikashuka, lakini nilimaliza: "Heri zangu ziko njiani, Mzaramo. Za kaka zako zilikwenda ngomani, hazijarudi hadi leo!" Mgeni wa Birmingham akajishika kidevu chake kisicho na unywele. Wakacheka wote. Bi Mwantumu alicheka hadi akashika bega langu asianguke, na machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu, mikono yote miwili iko kwenye sinia, siwezi kuyafuta. Nilikuwa nimengoja miezi tisa nitukanwe, na sijapata kuheshimiwa vile tena.